Mwiko Mgongoni

Jumamosi, Agosti. Upepo ulivuma tangu asubuhi, ukaleta vumbi la machimbo ya mawe mpaka ndani ya shati.

Mgongo uliniwasha pale mkono haufiki. Mke wangu alikuwa ameenda sokoni, na mama yake, aliyefika asubuhi kutoka Kakamega, nilidhani wako pamoja. Nikavua shati. Chanuo liliteleza. Pembe ya ukuta ikanikwaruza. Basi nikachukua mwiko wa ugali, na sitadanganya, nilisikia raha.

Hapo mama mkwe akatoka chumbani. Kwetu mkwe haoni hata kifua chako, sembuse kukuona ukijikuna kwa mwiko. Aligeukia ukuta, nami nikakimbilia nyuma ya pazia. Mke aliporudi nikamsikia mama: "Mwambie baba watoto mgongo hukunwa na gunzi la mahindi. Mwiko asiurudishe jikoni."

"Mama, si yuko hapo tu?"

"Mwambie!"

Niliogopa atakataa kula kwangu, na mgeni wa kwetu asipokula ugali, amelala njaa. Sijui, labda ningekuwa yeye ningekataa. Nikaazima mwiko kwa jirani, nikapita nao polepole mbele ya dirisha ili auone.

Niliporudi, nilipata gunzi limefungwa kwenye fimbo, limeegemezwa mlangoni. Hakuna aliyesema ni la nani.

Jioni tulikula ugali na kuku. Mama aliongeza ugali mara mbili.