Samaki wa Chakula cha Jioni

Dalali wa Yolande hapigi kelele sokoni Nchelenge, na hilo peke yake linamuudhi Chewe wa meza ya jirani. Yolande yuko ng'ambo ya ziwa, Kongo. Hutuma samaki kwa boti, na dalali huwapokea kwa vidole vyake virefu, akawafunika gunia bichi, akawafukuzia nzi kama anayebembeleza mtoto mchanga. Mnunuzi akitaka kupunguziwa, yeye hutabasamu tu: "Mama Yolande alikatala." Mama Yolande, kila saa mama Yolande! Chewe husaga meno. Faraja yake ni moja: jioni dalali hunawa mikono, akaja mezani kwake kununua samaki wa chakula chake. Kwa ajili ya saa hiyo Chewe hujifunga chitenge kipya na kumwekea aliyenona kuliko wote.

Jana alithubutu kuuliza: "Mbona unaacha samaki wazuri vile, unakuja kwangu?"

Dalali alimshangaa. "Ile samaki ni ya mama Yolande. Nikijiuzishia miye mwenyewe, nani atamutetea bei?"

Chewe alimfungia samaki wake. Safari hii alimchagulia mdogo kuliko wote.