Mkimbiaji Niliyemsifu

Mchezo huu nilifundishwa na rafiki yangu, mtu wa Mombasa aliyeishi Marekani miaka kadhaa akiosha magari kabla ya kuja Guangzhou kununua vitambaa. Mpira wenyewe ni ule wa Wamarekani, wa kofia ngumu na mpira uliochongoka. Kila mwaka, msimu ukikaribia, sisi wafanyabiashara wachache wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa Guangzhou, tulijichagulia wachezaji kutoka timu za kweli, kila mmoja akaunda kikosi chake kwenye simu. Mchezaji wako aking'ara uwanjani kule Marekani, wewe unapata pointi. Aliyeshika mkia aliwapikia wenzake pilau.

Rafiki yangu alikuwa na timu moja aliyoipenda, ya mji ule alikoosha magari. Kila Agosti tuliwapitia wachezaji wake mmoja mmoja, kama tulivyopitia majora kule Zhongda, soko la vitambaa. Sokoni, kitambaa ukikipenda hukisifu mbele ya laoban, mwenye duka. Unakunja uso, unavuta uzi, unasema kinachuja. Ukisifu tu, bei haishuki tena. Mazoea hayo yalituingia mpaka kwenye mpira. Mdakaji bora wa timu yake tulimwita mikono ya sabuni. Mkimbiaji wao mkongwe, kipenzi chake, tulimwita kiti cha plastiki.

Nimehama miji mingi, Tanga, Dar, Dubai, na kila mji nimeuacha kabla haujanizoea. Hapa nilikaa kwa sababu yake.

Mwaka huu Agosti ilimkuta Mombasa, kitandani, ini limeharibika. Asubuhi moja nikiwa soko la Shisanhang, katikati ya mabunda ya nguo, mkewe alinipigia.

"Shemeji, madaktari wamesema tukae naye nyumbani tu, hawana la kufanya tena. Yeye hajui. Anadhani karuhusiwa kwa kuwa kapata nafuu. Leo atakupigia mambo ya mpira wenu. Tafadhali, asijue."

Nikamwahidi.

Simu yake ilinikuta mgahawani Xiaobei, alasiri, chai iko mezani. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini utani ulikuwa mzima.

"Haya, mtu wa Tanga, fungua duka. Mrusha mpira wetu vipi?"

"Ametulia mwaka huu. Anarusha vizuri."

"Ametulia?"

"Ndiyo."

"Na mikono ya sabuni?"

"Yule ana mikono mizuri sana, bwana."

"Mkongwe wangu je?"

Siku moja kabla nilikuwa nimesoma kwamba huenda mkongwe akaachwa, goti limekataa. Nikasema, "Bado ana nguvu. Goti limepona. Atakimbia mpaka mwisho wa msimu."

Nyuma yake nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa.

"Miaka tisa tunaikagua timu hii," akasema taratibu, "hujapata kumsifu hata mmoja. Leo wote wazima."

"Nimebadilika tu."

"Wewe? Uliyemwambia laoban hariri yake inafaa kufungia saruji?" Alicheka, akakohoa kwa muda mrefu. "Mke wangu kakwambia nini?"

Ningeweza kudanganya. Ni kazi yangu. Nimewaapia wenye maduka kwamba mke ataniacha nikinunua kwa bei yao. Lakini nilikaa kimya na simu sikioni, na ule ukimya ukatosha.

"Basi," akasema. "Usimwambie kwamba najua. Ana mzigo wa kutosha."

Nikasogeza chai pembeni.

"Anza upya," akasema. "Safari hii sema kasoro."

Nikasema mrusha mpira ana miguu ya meza. Nikasema mdakaji asingeweza kudaka hata mvua. Akacheka. Nilipofika kwa mkongwe maneno yakanikwama.

"Goti," akanisaidia. "Sema goti."

"Goti halijapona."

"Naam. Huyo hamalizi msimu. Niwekee mimi."

Nikamwandika wa kwanza kwenye kikosi chake.

Baadaye mkewe aliniandikia kunishukuru. Alisema mumewe amechangamka, amekunywa uji bakuli zima, na wala hashuku kitu. Akaniuliza tulikuwa tunacheka nini. Nikamjibu kwamba timu ni nzuri mwaka huu.