Kuku wangu aliyekuwa anayakimbia mayai

Leo nimemtukana kuku matusi ya mtu mzima.

Anaatamia, halafu kila nikigeuka ametoka, mayai yanapoa. Nikasema mama gani huyu? Wakwe wakija kesho anaingia chunguni.

Nimeshashika kisu, mkamwana wangu Bhoke akanizuia. "Mama, mgeuze kwanza umwangalie chini."

Nikamgeuza, nikapuliza manyoya.

Jamani! Utitiri mweusi tii, ngozi imechubuka. Kiota nacho kimejaa, umenipanda mpaka kwapani.

Wewe ungekaa hapo?

Tumechoma nyasi za kile kiota, tukampaka majivu, tukamtengenezea kiota kipya. Karudi kwenye mayai mwenyewe, hakusukumwa.

Nyie mnaojiita wafugaji, wa kwenu mmewageuza lini? Semeni hapa.

Najua kwetu mkwe halishwi dagaa. Kesho watakula dagaa, na atakayenuna anune.