Tangi Limejaa, Wakubwa Wako Likizo

Saa mbili asubuhi. Rigmor Hallgren amepiga magoti juu ya sitaha ya mashua isiyo yake, anafungua kifuniko cha shaba kilichoandikwa "taka". Kabla ya kufungua anayasoma maandishi kwa kidole, kwa sababu kando yake kuna kifuniko cha dizeli na kingine cha maji ya kunywa, na vyote vitatu vinafanana kama ndugu.

Mwenye mashua, bwana wa makamo aliyevaa kaptura nyeupe, anaangalia mawingu. Karibu wote huangalia mawingu.

"Koki ya chini umefunga?" Rigmor anamuuliza.

"Nimefunga, nimefunga."

Anaukandamiza mdomo wa mpira kwenye tundu, anabonyeza kitufe, pampu inaanza kukoroma. Kwenye bomba kuna kipande cha kioo ili anayenyonya aone kinachopita. Yanapita maji mangavu. Halafu linapita jani la mwani.

Rigmor anazima pampu.

"Kaka, choo chako kimeota mwani."

"Haiwezekani."

"Nanyonya bahari hapa. Koki iko wazi. Iko wazi tangu lini, tangu Juni?"

"Labda mke wangu alisahau..."

"Usinitie mimi humo, Krister," mke anajibu kutoka chini ya taulo alilojifunika kichwani. "Mimi hata sijui hiyo koki inakaa wapi."

Bwana anashuka ndani, koki inasikika ikilalamika, anarudi uso umemwiva. Tangini mwake hamkuwa na kitu cha kunyonya. Kila alichokula kiangazi chote kimeshuka moja kwa moja baharini, humo humo anamojitupa kuoga kila asubuhi na kusema maji ni matamu.

Rigmor anauviringisha mpira wake. Hakumtukana. Anasema wa namna hiyo amewazoea, na kwamba hao si wabaya kuliko wote.

"Huyu angalau amekuja," anasema. "Walioniumiza mimi hawakufika hata gatini."

Ana umri wa miaka sitini na mitatu, na hiki ni kiangazi chake cha kumi na moja katika bandari ya Hällvik, upande wa magharibi wa Sweden, ambako mawe ni mengi kuliko udongo. Halmashauri humlipa kronor elfu kumi na tisa kwa mwezi kabla ya kodi, kuanzia Mei hadi Septemba. Miezi iliyobaki anasafisha shule, madarasa, ukumbi na vyoo, kwa malipo pungufu ya hayo. Mikono yake ni ileile kiangazi na baridi, nayo hunuka dawa.

"Watu husema, Rigmor, kazi gani hiyo. Nawaambia kila mtu anatengeneza, mimi napokea. Posta nayo si hivyo hivyo?"

Tangu mwaka 2015 sheria imekataza mashua za starehe kumwaga vyoo vyao baharini, na bandari zimeagizwa zipokee. Ni sheria nzuri. Aliyeiandika anastahili kikombe cha kahawa. Lakini uchafu ukitoka kwenye mashua haupotei. Unaingia katika tangi la bandari, lililofukiwa chini ya gati, na tangi hilo nalo sharti lije linyonywe na lori la majitaka la halmashauri. Ni kazi ya mtu mmoja na lori moja.

Mtu huyo alikwenda likizo mwezi wa Julai.

Hapa Julai nchi nzima hufunga. Daktari wa meno hufunga, fundi bomba hufunga, hata mwenye duka la vifaa vya mashua hufunga ili apate kutoka na mashua yake mwenyewe. Ni desturi na hakuna anayeishangaa. Kwa hiyo katika wiki nne ambazo kila mwenye mashua yuko majini, anakula, anakunywa na kwenda haja, dereva wa lori la majitaka anachoma soseji kwenye kibanda chake ziwani. Mwaka huu halmashauri iliamua kutomweka mtu wa kumshikia zamu. Iliita jambo hilo kubana matumizi.

Rigmor anamtetea dereva. "Si kosa lake. Yeye aliulizwa unataka likizo lini, akasema Julai, kama ambavyo ungesema wewe au mimi. Aliyekaa ofisini na kupiga muhuri, huyo ndiye angepaswa kufikiri. Hata mtoto angejua."

Taa nyekundu iliwaka kwenye pampu Jumanne moja katikati ya Julai, foleni ya mashua ikiwa imefika mpaka kwenye kituo cha mafuta. Rigmor akapiga simu ofisini. Mashine ikajibu kwamba ofisi itafunguliwa Agosti. Akapiga namba ya dharura. Akajibiwa na mtu aliyekuwa anatafuna.

"Nikamwambia tangi limejaa," anasimulia. "Akasema, weka kibao. Nikamuuliza, kibao kitanyonya? Akasema, mama, mimi nashughulikia mabomba yaliyopasuka tu, weka kibao."

Jirani yake alikuwa na dawa. Torvald Brattås analima kilima kilicho nyuma ya bandari, ana ng'ombe, na ana gari la tangi la kunyonyea mbolea ya majimaji, kubwa kuliko lori la halmashauri. Alishuka nalo mpaka gatini jioni ileile, injini ikinguruma, tayari kuipeleka shehena kwenye mtambo wa kusafishia majitaka, mwendo wa robo saa.

"Nilimwambia, Rigmor, cha ng'ombe na cha tajiri vinatofautiana nini?" anasema Torvald. "Cha ng'ombe kina faida."

Rigmor, mtu wa kufuata taratibu, akapiga simu tena kuomba ruhusa. Safari hii walimtafutia mkubwa mwenyewe, mkuu wa idara ya ufundi, Patrik Wennerholm, aliyekuwa kwenye mashua yake, tena si mbali. Jibu lake Rigmor analijua kwa moyo. Uchafu huo ni mali ya halmashauri. Kuubeba kunahitaji kibali. Vibali hutolewa na ofisi. Ofisi imefungwa. Na mkulima akigusa, atashtakiwa.

"Nikamuuliza, bwana Wennerholm, sasa na wewe cha kwako unakimwaga wapi wiki hii?" anasema Rigmor. "Simu ikakatika. Alisema baadaye ni mtandao."

Torvald aligeuza gari lake akapanda kilima, na Rigmor akatundika kibao: IMEJAA.

Anasema alibaki ameishika nyundo mkononi, akiziangalia mashua. Hakuna aliyegomba. Zilifungua kamba moja baada ya nyingine, kwa adabu, zikatoka mdomoni mwa bandari na kupita nyuma ya rasi ya Skarvnäset, mahali ambapo mtu wa gatini haoni. Nani angewalaumu wote? Tangi la mashua ni dogo, na mle ndani mna watu. Sheria iliwaambia wasimwage, bandari ikawaambia hatupokei. Wengine walifululiza mpaka bandari nyingine, nayo ilikuwa na kibao chake. Nyuma ya rasi koki zikafunguliwa.

Upepo wa Julai hapa huvuma kutoka magharibi. Uliyarudisha yote ufukweni.

Ufuko wa Hällvik uko ng'ambo ya ukuta wa mawe wa bandari. Kila asubuhi, kiangazi na baridi, wanawake watano hushuka pale na majoho yao ya kuogea, hujitumbukiza, hutoka, hukaa kwenye benchi na kunywa kahawa. Mkubwa wao ni Ingegärd Sjöö, mwenye miaka themanini na mmoja, na chupa ya kahawa ya moto aliyorithi kwa mamaye ndiyo hukaa katikati. Rigmor alikuwa wa tano wao. Saa nne hufika watoto wa shule ya kuogelea, ile ya Julai ambayo kila mtu hapa aliipitia akitetemeka midomo ya buluu.

Wiki moja baada ya kibao, watoto wawili waliumwa tumbo, halafu sita. Maji yakapimwa. Ufuko ukafungwa. Shule ya kuogelea ikavunjwa kabla ya mtihani, na kibao cha kukataza kuoga aliletewa nani akakipigilie? Rigmor.

Kisha ikatoka taarifa ya halmashauri, kwa maana kuandika taarifa hawakuwa likizo. Ilisema uchafuzi "unadhaniwa kuhusiana na kituo cha kunyonyea cha bandari". Haikusema lori, wala Julai, wala kubana matumizi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mabega ya Rigmor yalikuwa karibu.

Katika mji wa watu mia nne neno "unadhaniwa" halichelewi kufika. Dukani walimwuliza kama pampu yake inavuja. Mtu akaacha kopo la dawa ya choo mlangoni pake, na utepe juu. Asubuhi moja alishuka kwenye benchi, maana hata bila kuoga wanawake waliendelea kunywa kahawa, na Ingegärd akaisogeza chupa upande wa pili.

"Kaa upande wa upepo, Rigmor," akamwambia.

Wengine wakacheka. Rigmor akaenda nyumbani na kikombe chake kitupu.

Alipoulizwa juu ya hilo, Ingegärd hakukana. "Nilisema, ndiyo. Mjukuu wa dada yangu alikuwa anatapika, na karatasi ya halmashauri ilikuwa na nembo. Sisi tumelelewa kuamini nembo."

Kungoja mkubwa amalize likizo si jambo geni. Mke wa mwandishi wa makala hii alimngoja daktari hivyo Julai moja, na alipochoka kungoja hospitali ilituma kadi nzuri ya rambirambi, yenye nembo.

Dereva alirudi Agosti akalinyonya tangi asubuhi moja tu. Aliposikia yaliyotokea, alikaa kwenye ngazi ya lori akavua kofia. "Rigmor, ungenipigia mimi," akamwambia. "Ningekuja na kaptura." Hakuna aliyekuwa amempa Rigmor namba yake. Halmashauri ilisema ni faragha.

Dereva huyo ndiye aliyekwenda mwenyewe, bila kutumwa, kumweleza Ingegärd kwenye benchi ufukweni: pampu haivuji, haijawahi kuvuja, lori ndilo halikuja.

Kesho yake Ingegärd alipanda ngazi za nyumba ya Rigmor, juu ya duka la zamani la samaki, na chupa yake kwapani. Hakuomba msamaha kwa maneno. Watu wa hapa si wasemaji. Alimimina.

"Kahawa yako imepoa, mama," Rigmor alimwambia.

"Ngazi zako ni nyingi. Kunywa."

Basi jambo lingeishia hapo kama watu wangekuwa ndio wenye neno la mwisho. Lakini Oktoba halmashauri inapiga kura juu ya pendekezo la Wennerholm. Anataka pampu ya Hällvik ing'olewe, na kazi ya Rigmor iende nayo. Sababu zake ni mbili: kituo "hakikutumika" sehemu kubwa ya Julai, na wananchi wamepoteza imani nacho. Mtu huvunja mguu wa meza, kisha huiuza meza kwa kuwa haisimami.

Rigmor anataka mambo mawili tu. Likizo ya lori iwe Novemba, mashua zikiwa zimepandishwa nchi kavu na kufunikwa turubai. Na Torvald apewe kibali, kikae tayari kwa siku ya shida. Ameomba kuyasema hayo mbele ya kikao. Amejibiwa kwamba watumishi wa msimu hawahutubii kikao.

"Sawa," anasema. "Sitahutubia."

Kikao hukaa katika ukumbi wa shule, kwa sababu jengo la halmashauri linatengenezwa. Oktoba Rigmor hayuko tena gatini. Yuko shuleni na ndoo yake, na ufunguo wa vyoo vya ukumbi huning'inia kiunoni mwake. Ajenda ni ndefu. Pampu imewekwa mwisho.

Nyundo anayo. Kibao pia anacho, kilekile cha Julai, amekifuta vumbi.

"Nitakitundika mlangoni pa vyoo, nitafunga, nitakwenda kupiga deki ghorofani, mbali kidogo na simu," anasema. "Wakitaka kujua la kufanya, watafute kibali."

Je, haogopi kwamba wakubwa watayasoma haya gazetini wajihadhari?

"Wewe andika. Wao husoma taarifa zao wenyewe."

Kuhusu kahawa ya kikao hana wasiwasi. Kila mwaka huandaliwa na wanawake wa kujitolea wa mji, na mwaka huu Ingegärd Sjöö amejiandikisha wa kwanza. Ameazima chupa mbili zaidi.

"Nitapita nikiwajazia," anasema bibi huyo. "Hasa Wennerholm. Yule mtoto anapenda kahawa."