Mwanangu Amefunga

Nilipoingia darasa la sita nilikuwa nimeshampita mama kwa kimo, na mama si mfupi. Kisiwani kwetu Juani hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa. Wanawake tuliokutana nao njiani waliitikia shikamoo yangu, wakaniangalia kuanzia miguuni, wakapanda polepole mpaka kichwani, kisha wakamgeukia mama. "Huyu unampa nini?" Mama akajibu, "Muhogo, kama wenu."

Urefu wangu ulikuwa na faida kwenye shamba letu la mwani baharini tu. Maji yakiwa hayajatoka sawasawa, wenzetu wakisubiri ufukweni, mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kamba zetu za mbali, maji kifuani, navuna na kurusha mafungu ndani ya mtumbwi huku mama akiyapanga. Nilirusha kwa mbali na ilikuwa nadra kukosa. Mama alilalamika tu kwamba namlowesha.

Sekondari nilisoma Kilindoni, mjini kwenye kisiwa kikubwa, nikikaa kwa shangazi. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa kijana kutoka bara, mfupi, mwenye haraka. Siku moja saa ya ukutani ilisimama. Ilikuwa imetundikwa juu kabisa ya ubao, naye alipanda kiti ili aishushe, akanyoosha mkono, akasimama kwa vidole vya miguu, akaikosa. Nilikuwa nimekaa dawati la mbele na nilimwonea huruma. Nikainuka, nikaitungua saa ukutani, nikampa. Tukabaki tunatazamana, yeye juu ya kiti, mimi chini, macho usawa mmoja.

"Unaujua mpira wa kikapu?" akaniuliza.

"Kikapu nakijua, mwalimu. Mpira wake siujui."

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini jioni yake alikwenda kwa fundi wa mageti akachomelewa ringi ya chuma. Tuliifunga kwenye ubao, na ubao tukaupigilia kwenye gogo la mnazi tulilolisimika nyuma ya madarasa. Mpira aliuleta mwenyewe aliporudi kutoka likizo. Wavu hatukuwa nao.

Kwa kuwa wavu haukuwepo, mpira wangu wa kwanza kuingia uliingia bila sauti yoyote. Niliurusha, ukapanda, ukashuka katikati ya ringi bila kugusa chuma, ukadunda chini kama ulioanguka tu.

"Umeingia?" nikauliza.

"Umeingia," mwalimu akasema.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Nilianza kucheka, nikashindwa kunyamaza, nikakimbia kuzunguka uwanja mzima ndala zikibaki nyuma, nikarudi pale pale nikiwa pekupeku na kumwambia nataka tena. Tulirusha mpaka shangazi akatuma mtu kuniita. Nilipompigia mama simu kumweleza, alisikiliza kwa makini, kisha akauliza, "Hicho kikapu chenyewe kina tundu chini?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hicho kimetoboka. Waambie wakishone."

Miaka mitatu baadaye, kwenye mashindano ya shule huko bara, aliniona kocha wa klabu moja ya Dar es Salaam. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nene, mzaliwa wa kanda ya ziwa, na hakuwa mtu wa kuzunguka. Alinitaka. Baba yangu aliishi Kirongwe na mke mkubwa, na mambo yangu aliyaacha mikononi mwa mama, kwa hiyo kocha alimpigia mama. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kocha, simu imewekwa sauti ya juu.

"Atavaa nini?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza baada ya salamu.

"Suruali ya kubana chini ya bukta, mikono mirefu, na hijabu yake," kocha akajibu.

"Hijabu ikivuka kichwani?"

"Ipo ya michezo, mama. Haivuki."

"Atakaa kwa nani?"

"Kwangu. Nina mabinti wawili."

"Na huko hasa atakuwa anafanya nini?"

"Atakuwa anacheza."

"Hilo nimelisikia. Nauliza kazi yake."

"Kazi yake ndiyo hiyo, kucheza. Atalipwa mshahara kila mwezi."

Mama akaomba arudiwe hilo la mshahara, kocha akarudia.

"Mchukue," mama akasema, "kabla hamjabadili mawazo."

Siku ya kusaini mkataba nilifurahi mpaka nikakosea jina langu mwenyewe, ikabidi karatasi ichapwe upya. Viatu vyangu viliagizwa kwa sababu namba yangu haikupatikana dukani. Vilipofika nilivivaa ndani ya nyumba siku mbili mfululizo, nikaoshea vyombo, nikakaangia samaki, na mabinti wa kocha waliniomba angalau nivivue wakati wa kula. Mwaka wa kwanza nilikaa benchi sana. Sikujali. Nilikuwa nalipwa kukaa mahali pazuri kuliko pote ukumbini.

Mwaka wa pili nikaanza kupangwa, na mama akasema atakuja kuona. Alikuwa hajawahi kuvuka kwenda bara. Alipanda boti Kilindoni, akashuka Nyamisati, akapanda basi, akafika Dar es Salaam akiwa na ndoo ya pweza mkavu na mkoba mkubwa ambao hakutaka mtu yeyote aubebe. Ilikuwa Ramadhani. Mechi ilipangwa kuanza saa kumi na moja jioni, na tulikuwa tunacheza na timu iliyotufunga mara zote tulizokutana.

Asubuhi kocha aliniita kando. "Unacheza umefunga?"

"Ndiyo, kocha."

"Hakuna ruhusa yoyote katika dini yenu?"

"Huenda ipo. Lakini mama yupo."

Akamtazama mama, ambaye alikuwa anakagua ndoo yake ya pweza, akaelewa.

Nilicheza vizuri siku ile, sijui kwa nini. Koo lilikuwa kavu, lakini mwili ulikuwa mwepesi kama wa mtu mwingine. Nafasi yangu ilikuwa chini ya ringi, mahali pa kusukumana, na kule kwa wenzetu alikuwepo dada mmoja mwenye kiwiko kigumu ambaye aliniachia alama mbavuni. Kila nilipofunga nilimtazama mama. Alikuwa amekaa wima katikati ya vijana waliokuwa wakipiga makelele, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Robo ya tatu ilikuwa inaisha adhana ya magharibi iliposikika kutoka msikiti wa jirani. Nilimwona mama akisimama. Alishuka ngazi bila haraka, akapita mlango mdogo wa chuma, akatembea kandokando ya uwanja akiwa na kanga zake mbili na mkoba wake. Filimbi ya mapumziko ikapigwa wakati huo huo, la sivyo angetukuta tunacheza. Kijana wa mezani, anayeandika matokeo, aliinuka kumzuia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, hapa hapaingii watazamaji."

"Mwanangu amefunga," mama akasema, akininyooshea kidole.

"Tumeona, mama. Amefunga vizuri sana. Amefunga mara saba."

Mama akasimama. "Mara saba vipi? Leo Ramadhani ya tisa, na hajaacha hata moja."

"Saba za leo, mama."

"Za leo? Mtu anafunga mara saba kwa siku moja?"

"Na alianza kukaa benchi," kijana akasema kwa fahari, maana alikuwa mpenzi wa timu yetu. "Angeanza mapema angefika hata kumi."

Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao, na nilitaka kwenda kuwaeleza, lakini kicheko kilinizidi. Nilikaa chini sakafuni nikicheka mpaka machozi. Wachezaji wenzangu walioelewa walikuwa wameshikana mabega. Kocha aliuliza kuna nini, akaelezwa, akageukia ukuta. Mwamuzi mkubwa, mzee mwenye mvi, alikuja kutuliza mambo. Aliposikia kisa chenyewe akafuta miwani yake, akamwambia kijana wa mezani, "Mwache mama afuturishe. Na mimi nimefunga."

Basi mama akafungua mkoba. Ndani mlikuwa na tende, chupa ya uji wa moto uliotiwa pilipili manga, vikombe vya plastiki na kaimati, maandazi madogo ya shira, zilizofungwa kwenye kitambaa. Alinipa mimi kwanza, akampa mwamuzi, akawapa wenzangu wawili waliofunga, kisha akavuka kwenda benchi la pili bila kuuliza mtu. "Nani kafunga huku?" Yule dada wa kiwiko akainua mkono. Mama akampa tende tatu na kikombe kizima cha uji, akamwambia taratibu, "Kunywa, mwanangu. Njaa ndiyo iliyokufanya umpige mwenzio."

Robo ya nne nilicheza tumbo limejaa uji, kila nikiruka nausikia unaruka nyuma yangu. Yule dada hakunigusa tena, lakini alinipita mara tatu, kwa sababu na yeye alikuwa ameshapata nguvu. Tulifungwa kwa alama nne.

Mama hakukubali kwamba tumefungwa. Alirudi Juani akasimulia kisiwa kizima kwamba tumeshinda. Nilipokwenda nyumbani baada ya Idi nilijaribu kumsahihisha mbele ya jirani.

"Mama, wenzetu walikuwa na nyingi zaidi."

"Zilikuwa nyingi," akasema, "lakini zenu zilikuwa nzuri."

Nilikaa Dar es Salaam msimu mwingine mmoja, kisha klabu ya Kigali ikanisajili. Mazoezi ya kwanza kule yalikuwa kupanda mlima kwa mbio. Nilikuwa mtu niliyekulia mahali ambapo kitu kirefu kuliko mimi ni mnazi, na nilipofika juu nikaona mlima mwingine, na nyuma yake mwingine, nilianza kucheka peke yangu nikihema. Wenzangu wakadhani nimepata ugonjwa wa mwinuko. Baadaye walizoea. Walinipenda, nami niliwapenda, na nilicheza nao misimu mitano, mpaka goti la kulia lilipoanza kuvimba kila baada ya mechi na daktari akaacha kunificha kwamba limekwisha.

Mechi yangu ya mwisho ilikuwa fainali, na tulishinda. Wenzangu waliamua kunirusha juu. Wanne walijaribu wakashindwa kuninyanyua, wakaongezeka wawili, kisha akaja mpishi wa timu. Nilipanda, nikaona taa za ukumbi karibu kuliko nilivyowahi kuziona, nikashuka, wakanidaka upande wa kichwa tu, miguu ikagonga sakafu. Walianguka wote saba juu yangu na chini yangu, mpishi akipiga kelele kwamba nimemkalia mkono, na mimi hoi kwa kicheko, goti linauma, sitaki kuinuka.

Msimu uliofuata sikurudi.