Ndila, msusi wa Mwingi anayeuguza nyuso zilizochubuliwa

Saa tatu asubuhi, Ndila Kisilu anachovya pamba katika maji yaliyochemshwa na kupoa, anaikamua, kisha anaigusisha taratibu kwenye shavu la Syombua. Ngozi inabanduka kama ganda la nyanya iliyomwagiwa maji moto. Syombua anainua mkono aivute. Ndila anaushika na kuurudisha mapajani.

"Usiivute, mwanangu," anamwambia. "Itatoka yenyewe."

Ni Alhamisi, mwishoni mwa mwaka wa 1994, na Jumamosi Syombua anafunga ndoa. Siku tano zilizopita alijipaka dawa ya kuchubua uso aliyouziwa na mchuuzi sokoni, akiahidiwa kwamba ataamka mweupe. Aliamka uso ukiwaka moto, na siku ya tatu macho yakavimba.

Ndila, mwenye umri wa miaka 41, ni msusi. Saluni yake ina viti viwili na kioo kimoja. Lakini tangu mwaka wa 1986, wanawake zaidi ya thelathini wamemjia na nyuso zilizoungua. Kwanza huwapeleka hospitali; wakirudi, huwauguza bila malipo na kuwaeleza yatakayowapata: siku mbili za moto, kisha uvimbe, kisha kubanduka, na baadaye ngozi changa isiyotaka jua hata kidogo.

Anayajua kwa sababu yalimpata. Mwaka wa 1978, akiishi Kibwezi, alijipaka dawa kama hiyo. Mabaka meusi aliyoachiwa mashavuni hayajatoka hadi leo. Kwa mwaka mzima hakutoka nje mchana. Mumewe, Kisilu, alichukua debe akawa anateka maji mtoni mwenyewe, wanaume wenzake wakimcheka njiani.

"Hakuwahi kuniuliza kwa nini nilijipaka," anasema Ndila. "Aliniuliza tu kama maji yametosha."

Syombua alikuwa amemtumia mchumba wake, Musembi, ujumbe kwamba anaugua malaria, akipanga kuufunika uso kwa poda siku ya arusi. Ndila alimkanya. Alimweleza kwamba poda juu ya ngozi mbichi italeta usaha, na kwamba anayekwenda kuishi na uso huo afadhali auone mapema. Syombua alipokubali, Musembi akaitwa.

Fundi huyo wa baiskeli anafika saa tano, kofia mkononi. Anainama kumtazama mchumba wake usoni. Syombua analia.

"Inauma?" anauliza Musembi.

"Sana usiku."

Musembi ananawa grisi mikononi, mara mbili kwa sabuni, kisha anamwomba Ndila amfundishe kushika pamba.

Jumamosi walifunga ndoa saa moja asubuhi, kabla jua halijakaza. Bibi arusi hakupaka poda.

Januari, Ndila anapanga kwenda kanisani Matinyani kuzungumza na wasichana kabla mchuuzi hajawafikia. Mwanzoni mchungaji wa huko alimwambia hayo si mambo ya kanisani.

"Nilimjibu kwa heshima," anasema Ndila, akitandaza taulo juani. "Nikamwambia, wasichana ni wa kanisani. Akanipa Jumapili ya pili."