Sindano, Ndoano na Mama Mukwe

Mimi ni mtu wa hasira, wanaonijua wanajua. Lakini mbele ya wakwe nilikuwa maji matupu. Siku hizi vijana wa Baraka wanaketi meza moja na mama mukwe, wanakula samaki sahani moja na kuchekeana. Miaka ile ya hamsini, wee! Kwetu uso wa mama mukwe hautazamwi. Ukimwona njiani unaingia majanini mpaka apite. Kuketi naye kivuli kimoja, hapana. Kumwambia "sijaelewa" au "rudia", hapana kabisa, ni kama kumwambia mbele ya watu kwamba amesema upuuzi. Akisema jambo, unajibu "ndiyo, mama", basi, yamekwisha.

Nilikuwa fundi wa nguo. Mashini yangu ilikaa kwenye baraza ya dada yangu, karibu na soko la Baraka, na nilikuwa nimeposa binti wa Fizi, kule juu mlimani. Nilimpenda yule binti, sifichi. Nilikuwa nikimkumbuka nasahau pindo, nashona mfuko mahali pa kola. Vitu vyote vya mahari vilikuwa vimefika kwao, limebaki koti la baba yake. Mzee alikuwa amekataa koti la dukani. "We unasema we ni fundi," aliniambia. "Basi koti yangu utaishona na mikono yako mwenyewe, uilete dimanshi baada ya misa."

Jumapili ya kwanza nilishindwa kwa sababu kitambaa kilikwama Kazimia, chombo cha ziwani hakikuja. Mara ya pili malaria ilinilaza. Mara ya tatu mzee alituma neno kwamba Jumapili hiyo ni ya mwisho, kwa maana karani mmoja wa ofisi ya Fizi alikuwa akipitapita pale nyumbani na viatu vyake vinavyong'aa. Nikasema moyoni, karani gani, ngoja waone. Kitambaa cheupe kilikuwa tayari nimekikata, ni kushona tu.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Jumatatu ya wiki ile ile wavuvi wa Swima wakaniletea turubai lililochanika. Mtu mwenye akili angewaambia wasubiri. Mimi nikalikunja mara nne, nikalisukuma chini ya sindano, na lilipogoma nikalilazimisha. Kitu ndani ya mashini kikalia ka! Tangu hapo ikawa inaruka. Inashika mshono mmoja, inaacha mitatu, uzi unalala tu juu ya nguo. Nilibadilisha uzi, nikapaka mafuta, nikaitukana. Wapi!

Kushona nilijua. Tumbo la mashini sikulijua, kwa sababu fundi aliyenifundisha kazi, kila alipoifungua, alinigeuzia mgongo. Mafundi wa zamani walikuwa hivyo, walikupa mkono wakaficha kichwa.

Jumatano jioni dada yangu akaniambia, "Mama ya muchumba wako iko hapa Baraka, alikuja kununua samaki ya ndagala. Yule alishonea masista miaka mingi, mashini anaijua mpaka matumbo. Nitamuita."

"Aka! We dada una wazimu? Mama mukwe aje hapa?"

"Atakaa jikoni, nyuma ya matete. We utakaa huku na mashini yako. Hamutaonana."

Alhamisi asubuhi akaja kweli. Nilimsikia akiketi upande wa pili wa ukuta wa matete, na mimi nikainamisha kichwa kama yuko mbele yangu. Dada alisimama kwenye pengo la mlango, katikati yetu.

"Mukwe," mama akaita kutoka jikoni.

"Ndiyo, mama."

"Zungusha gurudumu nisikie."

Nikazungusha. Akasikiliza kidogo tu. "Visi yenye inabana fimbo ya sindano ililegea. Fimbo imepanda, sindano haifike tena mahali yake. Fungua ile kibati ya ubavu."

Mama yangu! Mtu haoni mashini, lakini anaijua kwa sikio. Nikafungua. Ndani kulikuwa na fimbo ya chuma na visi yake, yaani skrubu, kama alivyosema. Chini, kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kulikuwa na kile chuma chenye ncha kinachokwenda na kurudi kukamata uzi. Sisi tulikiita ndoano.

"Sasa legeza visi, lakini isianguke. Zungusha pole pole. Sindano ifike chini mwisho, halafu ianze kupanda kidogo tu, kama unene wa ukucha mbili. Hapo uzi unafanya kitanzi kidogo pembeni ya tundu. Ncha ya ndoano inapaswa ipite pale pale, juu kidogo ya tundu, iingie mu kitanzi. Ikiwahi, kitanzi haijazaliwa. Ikichelewa, imeshakufa. Unaona kitanzi?"

Sikuona kitu. Jasho lilikuwa linaniingia machoni, na sindano yenyewe ilikuwa imezama kwenye giza la mashini. Maneno yake nilipata nusu tu.

"Ninaona, mama."

"Ndoano inapita juu ya tundu?"

Ilikuwa inapita wapi, Mungu ndiye anayejua. "Inapita, mama."

"Basi kaza."

Nikashusha fimbo kwa kubahatisha, nikakaza. Dada alikuwa ananitazama pale mlangoni, anatikisa kichwa pole pole. Aliona kwamba sielewi. Neno moja tu lilitakiwa, "sijaelewa", na lilikuwa ulimini kabisa, lakini sikulitoa.

"Iko sawa?" mama akauliza.

"Iko sawa, mama."

Angetaka kusikia mashini ikishona kabla ya kuondoka, alisema hivyo. Lakini kamyo, lile lori la kwenda Fizi, ilikuwa inapiga honi sokoni. "Kama we fundi unasema iko sawa, iko sawa," akasema, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Nitaambia baba yao koti inakuja." Akaenda.

Nikaweka kitambaa, nikakanyaga. Ko! Sindano ikagonga ndoano, ikavunjika vipande viwili. Nilikuwa nimeishusha mno. Nikaipandisha kidogo, nikaweka sindano ya pili, nayo ilikuwa ya mwisho. Ko! Nikabaki nimeshika kipande mkononi. Sindano nyingine hazikuwepo Baraka nzima mpaka chombo kirudi.

Ijumaa na Jumamosi nilishona kwa mkono. Kile kitambaa kilikuwa kigumu, vidole vilitoka damu, nikawa naogopa kuchafua weupe wake. Jumamosi jua linazama nilikuwa na mgongo na mkono mmoja wa koti.

"Panda Fizi useme kweli," dada aliniambia.

"Kweli gani? Mama yao ameshawaambia mashini inashona. Nikisema haishoni, nimemfanya muongo mbele ya bwana wake. Nikisema inashona, basi ni mimi nimewadharau. Niambie wewe, niseme ipi?"

Jumapili kengele ya misa ililia, nikakaa barazani na koti lenye mkono mmoja magotini, mwanaume mzima, nikalia. Sikwenda, wala sikutuma mtu. Mpaka leo sijui ningefanya nini. Labda ningekwenda hivyo hivyo na kile kipande cha koti. Labda ningemtuma dada kwa mguu tangu Alhamisi. Wakati ule niliona pande zote zimefungwa.

Jumatano iliyofuata nilikuwa nimeinamia mashini, sifanyi kitu. Nikasikia dada akisema "Yesu Maria" kwa sauti ndogo. Nikainua macho. Mama mukwe alikuwa amekuja kwa mbele, kwa njia ya barabara, mchana kweupe. Hakuzunguka kwenda jikoni. Alipanda barazani.

Niliruka nikimbie.

"Kaa," akasema.

Akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu. Nikaelewa hapo hapo, kabla hajasema neno. Mwanamke haketi hivi mbele ya mukwe wake. Basi mimi sikuwa tena mukwe wake.

"Baba yao alipokea batu ba karani ba kuposa lundi, kesho yake ya dimanshi ile," akasema. "Nilimuambia angoje kidogo, huyu mutoto atakuja, mashini iko inashona, mi mwenyewe nilimuonyesha. Akaniuliza, kama inashona, koti iko wapi?"

"Mama, haikuwa inashona."

"Najua. Dada yako alituma mutu aniambie. Alifika mardi, kesho yake ya lundi, bale batu bameshakula, bameshakwenda." Akagusa gurudumu la mashini. "Mbona ulisema iko sawa?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nilikuogopa wewe, mama."

Akafyonya, lakini si kwa dharau. Alikuwa amechoka tu. "Leta turnavisi," akasema, nikampa ile bisibisi.

Kwenye pindo la kitambaa chake alikuwa amefunga sindano tatu. Akaweka moja, akalegeza visi, akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja. "Sogea, tazama." Sindano ikafika chini, ikapanda unene wa kucha mbili, na pembeni ya tundu uzi ukafunguka kitanzi kidogo, kidogo sana. Ncha ya ndoano ikaja ikaingia ndani yake bila kugusa chochote. Akakaza. Akachukua ule mkono wa pili wa koti, uliokuwa haujashonwa, akaupitisha. Mshono ukanyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, haukuruka hata mara moja. Nilitamani kuivunja ile mashini kwa nyundo.

"Sasa unaona?" akauliza.

Nilikuwa naona. Mara hii niliona kila kitu, hata mtoto angeona. Lakini nikisema ninaona, atasimama, atashuka barazani, atarudi Fizi, na mimi na nyumba ile tutakuwa tumekwisha.

"Sijaelewa, mama," nikamwambia. "Rudia."

Hakukasirika. Akalegeza visi tena, akaanza upya, pole pole, sindano chini, sindano juu kidogo. Sikuitazama sindano. Nilimtazama yeye, mara ya kwanza katika maisha yangu, na nyusi zake, na kidevu, na ule mwanya wa meno ya mbele, vyote vilikuwa vya binti yake.

Alipomaliza nikamwomba arudie tena.